Barua kwa Mzee wa Gereji: Maji ya Kwanza Ni ya Chini

Mzee, habari za Bombo? Nina gari la hadi topu, jeupe, la kubebea mizigo ya duka kati ya Moroto na Kotido. Mvua zikishika, gari linarudi nyumbani limekuwa jeusi mpaka vioo. Jumapili naliosha uani na wanangu. Shida ni maji: tunanunua kwa jerikani, na mama watoto hapendi kuona jerikani kumi zinamwagwa kwa gari. Naanzia juu nashuka chini, na kila mara maji yananiishia kabla sijafika kwenye matairi. Nifanyeje? — Mfanyabiashara, Moroto

Habari ni njema, ndugu yangu. Kwanza mama watoto ana haki. Maji yenu yote yanaishia kwenye paa na milango, mahali ambapo tope halina madhara ya maana. Mlango ukikaa na tope mwezi mzima utakuaibisha mbele ya wageni, basi. Chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, ikikaa na tope mwezi mzima inaanza kuoza, nawe huioni. Kwa hiyo geuza kazi: chini kwanza, bodi baadaye, na kama maji lazima yaishe, yaishie kwenye milango.

Udongo wa huko kwenu naujua. Ule mweusi wa tambarare za Karamoja si sawa na moramu yetu nyekundu ya huku. Ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka. Ndiyo maana wakati wa kiangazi ardhi inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Tabia hiyo ikusaidie. Tope hilo likiwa bichi, ukilimwagia maji linazidi kunata na kusambaa. Liache lilale usiku mmoja. Asubuhi utakuta limenywea na kujitenga na bati ndani ya madigadi. Chukua kijiti cha mwanzi, kichomeke kwenye ufa, lisukume. Litaanguka mapande mapande, tena bila tone la maji. Bisibisi iache kwenye boksi. Panga pia (msicheke, nimeyaona magari yaliyokwanguliwa kwa panga), kwa sababu ukishaitoboa rangi ya chini, kutu imepata pa kuanzia.

Hayo ni ya madigadi, chesi, springi na nyuma ya bampa peke yake. Kwenye milango na boneti usiguse tope kavu kwa chochote, hata kwa kitambaa cha pamba. Ndani ya tope mna mchanga, na kila ukifuta unachora rangi. Wanao uwaambie hivyo hivyo, maana watoto wakipewa ufagio na gari chafu huwezi kuwazuia.

Sasa maji. Wafugaji wa kwenu wanatumia bomba la mgongoni kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, lile la lita 16 au 20. Nunua moja jipya liwe la gari tu, lisiwahi kuonja dawa. Jaza, piga pampu, nyunyizia chini ya gari kote: ndani ya madigadi, juu ya tangi la mafuta, kwenye ekseli, juu ya springi. Halafu kaa unywe chai. Tope linahitaji muda kuliko nguvu. Ukirudi, nyunyizia tena, na hapo ndipo ushike burashi ya mpini mrefu. Jerikani moja ikipita kwenye bomba inalowesha sehemu ambayo kwa ndoo ingekula jerikani kadhaa, kwani maji ya ndoo yanagonga mara moja na kukimbilia chini.

Kabla hujalala chini ya gari, liwe mahali tambarare, limo kwenye gia, na mawe mbele na nyuma ya matairi. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Nasema kwa kila mwenye gari anayesoma ukurasa huu, na sitaki mjadala.

Ukiwa chini, tafuta matundu ya chesi. Chesi ya hadi topu ni boksi lililo wazi ndani, lina matundu ubavuni na mengine chini ya kutolea maji. Tope linarushwa na tairi, linaingia kwa matundu ya ubavuni, linatulia ndani, kisha linaziba yale ya chini. Ingiza kidole. Kama safari ilikuwa siku nyingi zilizopita, tope la nje limekauka kabisa, lakini kidole kinatoka na tope bichi, la baridi, lenye rangi ya kahawia, basi umelipata lenyewe. Kahawia hiyo ni kutu ya chuma chako. Sehemu mbaya zaidi ni nyuma, pale chesi inapopanda kupita juu ya ekseli na karibu na pingili za springi. Chomeka mpira mwembamba wa maji ndani ya tundu, mtoto mmoja amimine kutoka juu taratibu, wewe uangalie yanayotoka tundu la chini. Endelea mpaka yatoke meupe. Jerikani mbili za kazi hiyo ni halali yake, hata mama watoto nitamwambia mwenyewe. Ukingo wa chini wa milango nao una vitundu vidogo vya kutoa maji ya mvua. Vizibue kwa njiti ya kiberiti.

Radieta nayo usiisahau, hasa kwa njia zenu za nyasi ndefu. Tope na mbegu za nyasi zinaziba vile vipezi vyembamba, halafu mtu anashangaa sindano ya moto inapanda kwenye mlima mdogo tu. Injini ikiwa imepoa, nyunyizia maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, uchafu utoke ulikoingilia. Nguvu iwe ndogo. Vipezi vile vinapinda kwa kidole.

Bodi sasa, kwa maji yaliyobaki. Jua liwe limeshuka, maana sabuni ikikaukia kwenye bati la moto inaacha madoa. Nyunyizia kutoka juu, subiri, nyunyizia tena mpaka mchanga uondoke. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta inayolinda rangi, na kwa hadi topu nyeupe inayokaa juani Moroto, rangi bila nta inapauka upesi. Shampuu ya gari chupa moja inakaa muda mrefu. Siku ukikosa kabisa, tone la sabuni ya maji ya vyombo halitaua gari, lakini lisiwe desturi. Wekundu wa moramu unaobaki kwenye rangi nyeupe ni chembe za kutu zilizo ndani ya udongo wenyewe. Unatoka kwa polishi na subira. Stiluli ya kusugulia sufuria inatoa wekundu na rangi pamoja.

Ukimaliza, zungusha gari mtaani ukikanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Usilioshe, ukavuta hendibreki, ukaenda kulala: ndani ya ngoma za breki mna unyevu, na asubuhi viatu vya breki vinaweza kuwa vimegandia. Kisha grisi. Krosi za propela (viungo vya ile shafti ndefu chini ya gari) zikishapita kwenye maji na tope, zipige grisi mpaka ile ya zamani itoke na uchafu wake.

Mzee wa Gereji, ninatumia Hilux. Wiki jana nilipeleka wanafunzi Katwe kuona wanavyovuna chumvi. Mvua ilinyesha, tukasukuma gari kwenye tope, tukarudi salama. Nililiosha vizuri siku ya pili, linang'aa. Lakini sasa nikifika mwendo wa kilomita 80 usukani unatetemeka. Nimeambiwa ninunue tairodi mbili na shokabzoba. Bei yake ni karibu mshahara wangu. — Mwalimu, Kasese

Mwalimu, usinunue kitu kwanza. Ringi uliziosha upande gani? Nina hakika upande wa nje zinang'aa. Lala chini uangalie upande wa ndani. Tope likikaa ndani ya ringi, tena likikauka upande mmoja, tairi linakuwa zito upande huo. Mwendo mdogo husikii kitu, ukifika 70 au 80 usukani unaanza kucheza mikononi. Lilowanishe, likwangue kwa kijiti, zungusha tairi uondoe lote, matairi yote manne. Kisha jaribu barabara. Likiendelea kutetemeka ndipo uende kwa fundi, naye aanze na balansi na beringi kabla ya kutaja tairodi. Aliyekuambia ununue vipuri bila kulala chini ya gari, mimi simwiti fundi.

Ila la usukani si linalonitia wasiwasi. Ni hilo la Katwe. Tope la kule lina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu inaharakisha kutu kupita tope la kawaida. Ulisubiri mpaka siku ya pili, na hilo linaweza kusameheka, lakini uliosha juu. Leo hii rudia chini, maji mengi, ndani ya matundu ya chesi (nimeeleza hapo juu namna yake), kwenye mabomba ya breki, kwenye bolti za springi. Ukirudi Katwe safari nyingine, osha siku hiyo hiyo hata kama umechoka. Hapo ndipo sibanii maji.

Kitu kingine kwa wote mnaopita ndani na kando ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuna lile gugu lenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe vidogo. Wataalamu wanaliita Parthenium, wengine gugu karoti. Limeingia hifadhini na kwenye malisho, ng'ombe hawalitaki, na mtu akiling'oa kwa mikono mitupu ngozi inaweza kumwasha vibaya. Mbegu zake ni ndogo sana na zinasafiri kwenye tope la magari. Kwa hiyo tope mnalolitoa msilitupe kwenye migomba. Likusanyeni mahali pamoja mnapopaona, na kikiota kitu chenye majani hayo, king'olewe kwa glavu kabla hakijatoa maua.

Asalaam aleikum Mzee. Mimi naishi Kibuli, nyumba za kupanga, ua mmoja familia nne. Kila nikitoka shamba naosha Pajero yangu uani. Jirani amenishtaki kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) kwamba maji yangu mekundu yanajaza mfereji wa watu wote. Nimechoka na maneno. Nafikiria niwe naenda kuoshea ukingoni mwa ziwa, upande wa Port Bell, kule hakuna jirani. Unasemaje? — Mpangaji, Kibuli

Waaleikum salaam. Nasema jirani yako ana haki na ziwani usiende.

Ziwani kuna jirani mkubwa kuliko huyo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zilitenga mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria kuwa eneo la kulindwa, na kwa mto Nile mita 100. Kupeleka gari lenye oili chini ya injini mpaka majini ni kujitafutia kesi ya kweli, si ya LC1. Na hayo maji ya uani kwako, unadhani yanakwenda wapi? Mifereji ya upande wenu inashukia Nakivubo, Nakivubo inapita kwenye kinamasi, inamwaga kwenye ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo yanapovutwa maji ya kusafishwa yaje kwenye bomba lako. Kinamasi kinachuja kadiri kinavyoweza, lakini kimepungua, kila mtu wa Kampala anajua.

Fanya hivi. Tope kavu litoe kabla ya maji, tena ulitolee shambani kabla hujaondoka. Kijiti cha mwanzi hakikosekani shamba. Hiyo peke yake inakupunguzia robo tatu ya ugomvi. Uani simamisha gari kwenye nyasi au kokoto, si kwenye sakafu ya saruji inayotelemkia mfereji. Kama mwenye nyumba anakubali, chimba shimo dogo pembeni, lijaze mawe na changarawe, maji yaingie humo yatulie, tope libaki, nawe uwe unalizoa kwa sepetu. Injini usioshee hapo kabisa. Maji yenye oili yapeleke kwa watu wa kuosha magari walio na shimo la kutenga oili. Uliza kwanza kama wanalo, wengi wana mfereji tu kama wa kwenu.

Na mpelekee jirani salamu kabla ya kikao. Mwenyekiti wa LC1 atafurahi kuliko nyote.

Mzee, kijana anayeniosha gari hapa Arua ananishauri kila akimaliza anipulizie dizeli au oili chafu chini ya chesi, eti kutu haitaligusa. Anataka nyongeza ya pesa. Nikubali? — Mama wa maduka, Arua

Hapana, dada yangu. Nyongeza yake mpe kwa kuosha chini vizuri.

Mazoea haya ni ya zamani, hata mimi nimeyakuta gereji. Dizeli na oili chafu zinavimbisha na kulainisha raba: bushi za springi, raba za shokabzoba, mipira ya breki. Utaokoa chesi ambayo haikuwa na haraka ya kufa, ununue bushi mpya kila mwaka. Juu ya hayo, vumbi la njia ya Koboko linashikana na oili mpaka chini ya gari kunakuwa na koti jingine, na chini ya koti hilo unyevu unakaa. Ikidondokea breki, hapo sina la kusema. Chini kukiwa kumeoshwa na kukauka kabisa, ukiona doa la kutu lipige burashi ya waya, paka praima, paka rangi ya chesi. Kopo moja, jioni moja. Huyo kijana anaweza kuifanya.

Shikamoo Mzee. Nilivuka maji yaliyofurika nikitoka Bududa, yakafika juu ya ringi. Gari nimeosha mwenyewe, limetakata kabisa ndani na nje. Fundi mmoja anasema lazima tufungue oili ya difu. Gari halina tatizo lolote, linatembea vizuri. Anataka pesa zangu tu? — Kijana wa Mbale

Marahaba, mwanangu. Huyo hataki pesa zako, msikilize.

Difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ikitembea inapata moto, na hewa ndani yake inapanuka. Ukiingia kwenye maji ya mlima Elgon, ambayo wewe unajua ubaridi wake, difu inapoa ghafla, hewa inanywea, na inavuta kutoka nje. Kwa kazi hiyo kuna kipumulio juu ya ekseli, kikofia kidogo au mpira unaopanda juu. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, difu inavuta kupitia sili za ekseli, na inavuta maji. Gari litaendelea kutembea vizuri wiki, hata miezi, huku meno na beringi za difu zinalika.

Kuangalia ni rahisi. Acha gari lilale mahali tambarare usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, yanashuka chini. Asubuhi, kabla hujaliwasha, weka beseni, legeza bolti ya chini ya difu kidogo tu. Yakitangulia maji, umepata jibu. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ni hivyo hivyo: mwaga yote, weka mpya, na kagua tena baada ya kutembea kidogo. Fanya ya mbele na ya nyuma, na gia boksi uitazame. Ile uliyomwaga ifungie kwenye jerikani uipeleke gereji, isije ikamfikia yule kijana wa Arua.

Kisha safisha kipumulio, na siku zote uoshapo gari kiwe miongoni mwa vitu vya kwanza. Kikofia kiguse kwa kidole: kinatakiwa kucheza. Kikigoma, kilowanishe na kukisugua kwa mswaki wa zamani mpaka kicheze.

Mzee, je, niruhusu mashine ya presha kwenye gari langu? Wengine wanasema inaharibu. — Msomaji, Mbarara

Ruhusu, kwa masharti. Chini ya madigadi na kwenye chesi ni kazi yake. Breki zipoe kwanza, maji baridi ya nguvu kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda. Mdomo wake usikaribie sili za ekseli, raba za milango, ubavu wa tairi wala radieta. Kwenye injini sipendi. Ukilazimika, alteneta na mdomo wa hewa uvifunge kwa kaveera (mfuko wa plastiki) kwanza, na nguvu ipunguzwe.

Mzee, nina miaka kumi na minne. Baba ananipa shilingi 5,000 nikimwoshea Prado lililotoka shambani Kakira. Inanichukua mchana mzima kwa sababu nafuata ukurasa wako. Nataka aniongeze lakini anasema gari ni gari. Nimwambie nini? — Mtoto wa Jinja

Usimwambie kitu. Jumamosi ijayo, tope lote utakalolitoa kwenye matundu ya chesi liweke kwenye beseni, umletee mezani kabla ya chai, halafu utaje bei yako. Shampuu iwe juu yake.